Picha ya Wodini: Uchambuzi wa Kisa cha Mwigizaji Aliyechuja

Kisa na mipaka yake

Nilipigiwa simu saa tano usiku na binti wa mwigizaji ambaye sura yake ilikuwa inajulikana mpaka vijijini. Hakunisalimia. Alisema, "Mama kalazwa, na hataki mtu yeyote ajue." Yale maneno ya mwisho ndiyo yaliyotusumbua kwa miezi mitano iliyofuata.

Nilikuwa meneja wa uzalishaji kwenye filamu zake mbili, na kwenye kamati ya michango iliyoundwa baadaye nilikuwa mweka hazina. Kwa hiyo siandiki kama mtu wa pembeni. Baadhi ya makosa ninayoyachambua ni yangu. Jina, mtaa, hospitali na makampuni nimeviondoa, baadhi ya miaka nimeisogeza, na fedha nimezitaja kwa kukadiria. Yeye mwenyewe amesomewa andiko hili akalikubali, isipokuwa aya moja ambayo nimeifuta.

Nitamwita Mama Mkwe. Ndiyo nafasi aliyopewa mara nyingi kuliko nyingine yoyote, na waigizaji wanawake wa rika lake waliopewa nafasi hiyo ni wengi mno kwa jina hilo kumtambulisha mmoja.

Usuli: jina lilivyojengwa

Alianzia kwenye kikundi cha sanaa cha shirika la umma miaka ya 1980, enzi ambazo shirika lilikuwa na timu ya mpira, bendi, na watu wa ngoma na maigizo. Alikuwa na mshahara na alikatwa akiba ya uzeeni. Nalisisitiza hilo kwa sababu katika maisha yake yote ya sanaa, kipindi pekee alichowekewa akiba ni kile ambacho hakuna aliyemjua barabarani. Mashirika yalipobinafsishwa miaka ya 1990, alichukua mafao yake, akanunua cherehani mbili na kusomesha.

Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya kwanza vya televisheni mwaka 1994. Vituo vilihitaji kitu cha kuonyesha jioni, na vikundi vya maigizo vilikuwepo. Malipo yalikuwa nauli na jina. Yeye hakulalamika, alikuwa na miaka thelathini na kitu, ana sauti nzito na jicho la dharau ambalo mpaka leo watoto wa uswahilini wanaliiga. Ilipofika miaka ya 2000 na filamu za kanda, kisha za VCD na DVD, zikaanza kuuzwa, yeye tayari alikuwa sura ya kuwekwa kwenye kava.

Biashara hiyo ilikwenda hivi. Prodyuza alitafuta nyumba ya kifahari ya kuazima, akapiga filamu kwa wiki moja au mbili, akaikata sehemu ya kwanza na ya pili ili auze mara mbili, kisha akapeleka masta, yaani nakala mama, kwa msambazaji Kariakoo. Msambazaji alinunua jumla. Mwigizaji alilipwa mara moja, mara nyingi kwa kusaini karatasi ya kupokea fedha, na mengine hayakumhusu. Mama Mkwe alianza kwa laki tatu kwa filamu. Kilele chake kilikuwa milioni moja na nusu. Kwa miaka ile hizo zilikuwa fedha za kuheshimika, na kazi zilifuatana. Mwaka mmoja alifanya filamu tisa.

Nguo hazikuwa za prodyuza. Hili watazamaji wengi hawalijui. Vitenge vile, wigi, dhahabu ya kuigiza na wakati mwingine ya kweli, mwigizaji alikuja navyo kutoka kwake. Prodyuza alimchagua mama mkwe tajiri kwa kuangalia nani ana kabati la mama mkwe tajiri.

Kuchuja

Kifo cha Steven Kanumba, nyota wa filamu zetu, tarehe 7 Aprili 2012, wengi hukitaja kama siku soko lilipoanguka. Mimi naona nyufa zilikuwepo kabla. Filamu ilikopiwa siku ileile ilipotoka. DVD moja ya mtaani ilibeba sinema kumi za nje, nyingine zikiwa zimeingizwa maelezo ya Kiswahili, kwa bei ya filamu moja ya nyumbani. Mwaka 2017 wasanii waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa bila stempu ya kodi, lakini mtazamaji alikwishahamia kwenye king'amuzi na simu.

Kwa Mama Mkwe kuanguka kwa soko kulikutana na umri. Mwanamke akishavuka miaka hamsini, skripti zetu humpa milango mitatu: mama mkwe, mama mwenye nyumba, au bibi mchawi. Nafasi ya kwanza walianza kupewa wanawake wa miaka arobaini kwa sababu sura zao kwenye kava ziliuza zaidi. Yeye akaletewa uchawi. Alikataa mara mbili. Mara ya pili nilikuwepo, alimwambia dairekta, kijana wa kumzaa, "Mwanangu, ukinivika kaniki leo, kesho hakuna atakayenivika kitu kingine."

Tulimcheka pembeni. Tulisema anajivuna na zama zimempita.

Wakati huo alikuwa bado anapanga nyumba nzima yenye geti. Hakupanda daladala, alikodi bajaji kwa siku, hata akienda sokoni. Kwenye harusi na misiba, kamati zilimwandikia kadi za watu wenye uwezo, naye alilipa, kwa sababu staa akiahidi elfu ishirini habari husambaa kabla hajafika nyumbani. Cherehani ziliuzwa. Akaingia kwenye vikoba, akakopa, akashindwa marejesho, kisha akaangukia kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa. Jirani zake hawakujua lolote. Geti lilikuwa limefungwa.

Mtiririko wa matukio

Sukari alikuwa nayo kwa miaka kadhaa. Kidonda kilianza kidoleni, chini ya kiatu cha kufunika. Alitibiwa kwenye duka la dawa kwa kumtuma mtoto wa jirani, maana kwenye kliniki ya sukari watu hukaa foleni kwenye mabenchi asubuhi nzima, na kila mmoja ana simu. Alipofikishwa hospitali mguu ulikuwa umeshaoza, na usiku ule ule daktari aliwaambia ndugu kwamba wajiandae kwa kukatwa chini ya goti.

Gharama ziliwazidi. Kikao cha kwanza kilikuwa kwenye ngazi za wodi: binti, mpwa wa kiume, waigizaji watatu, mimi, na mwalimu mstaafu aliyeimba naye kwenye kikundi cha zamani. Tulikuwa saba, na hiyo ikawa kamati. Mpwa alitaka twende kwenye magazeti ya udaku na kurasa za mitandaoni mara moja. Alikumbusha jinsi mashabiki walivyochanga mwaka 2012 mpaka mwigizaji Sajuki, aliyekuwa mgonjwa, akapelekwa India. Binti alikataa kwa niaba ya mama yake.

Tukaafikiana njia ya katikati: ujumbe wa sauti, bila picha, uliotumwa kwenye makundi ya WhatsApp ya wasanii. Ndani ya siku sita tulipata laki sita. Ahadi zilikuwa milioni nne, na anayefahamu kamati za Kitanzania anajua umbali uliopo kati ya ahadi na taslimu.

Siku ya saba alikuja kijana mmoja mwigizaji kumjulia hali. Alisimama kando ya kitanda, akapiga selfi, akatoka. Mama Mkwe alikuwa amelala, kichwa wazi, kanga imeteleza begani, mdomo haujafungwa. Picha iliwekwa saa mbili usiku ikiwa na maneno ya kuomba dua na namba ya simu ya mpwa. Kufika asubuhi ilikuwa imefika Nairobi na Muscat.

Fedha ziliingia kwa kishindo. Ndani ya siku kumi na moja zilifika milioni kumi na nane na ushee, nyingi zikiwa elfu mbili, elfu tano, zikitumwa na watu walioandika kwamba walikua wakimtazama na mama zao. Maoni mengine sitayarudia. Yalihusu nywele zake.

Alipoonyeshwa, aliuliza swali moja: "Nani kanipiga bila kitambaa?" Kisha akasema turudishe fedha.

Maamuzi, na kwa nini tuliyafanya

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutorudisha. Watumaji walikuwa zaidi ya elfu mbili, mguu ulikuwa haujakatwa, na daktari alikuwa anahesabu saa. Kura zote saba zilikubali. Sijawahi kuujutia.

Wa pili ndio mgumu: tuombe picha iondolewe, au tuiache? Wanne tulipiga kura iachwe, nami nikiwemo. Hoja yangu ilikuwa ya mweka hazina: kila siku picha inapozunguka, simu inalia. Binti alitoka nje ya kikao. Tulikubaliana angalau tuweke picha nyingine aliyoichagua yeye, kutoka kwenye kava la filamu ya 2008, amevaa kitenge cha zambarau na mkufu. Picha hiyo ilileta kidogo sana. Watu waliandika kwamba tunawadanganya, mtu huyu si mgonjwa.

Wa tatu ulikuwa wa fedha. Namba ya mpwa ilifungwa, tukafungua akaunti yenye saini tatu, na hospitali ikalipwa moja kwa moja. Mpwa alichukia, akisema tunamwita mwizi. Hakuwa mwizi, nilikagua kila shilingi iliyopita kwenye simu yake na zote zilikuwepo. Lakini uvumi ulikuwa umeshaanza, na uvumi haungoji hesabu.

Wa nne ulitoka kwa yule mwalimu mstaafu. Alisema, "Huyu mtu kaigiza filamu arobaini na zaidi na zinatazamwa leo kwenye simu. Karatasi zake ziko wapi?" Binti alileta sanduku la bati. Tulihesabu filamu arobaini na tatu alizokumbuka. Karatasi zilikuwa sita.

Tano kati ya hizo zilikuwa risiti za kupokea malipo. Ya sita ilikuwa makubaliano ya kurasa mbili, yaliyopigwa chapa na kusainiwa na mashahidi, kwamba yeye na prodyuza mmoja, sasa marehemu, ni washirika nusu kwa nusu wa filamu moja, kwa sababu yeye alitoa nguo, nyumba ya dada yake na sehemu ya mtaji. Nyuma yake ilibanwa nakala ya mkataba na msambazaji: ruhusa ya kuuza VCD na DVD kwa miaka mitano. Miaka hiyo ilikuwa imekwisha zamani, na filamu ilikuwa YouTube, imetazamwa zaidi ya mara milioni mbili.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya 1999, inataka uhamishaji wa haki uwe wa maandishi. Maandishi yaliyokuwepo yalisema VCD na DVD, basi. Tuliandika barua ya heshima, tukaambatanisha nakala, tukaomba mazungumzo. Msambazaji hakubisha sana. Vikao viwili vilitosha. Alilipa fedha ya mkupuo isiyofika milioni nne, ikagawanywa na warithi wa yule prodyuza, na filamu ikarudishwa mikononi mwao. Filamu nyingine arobaini na mbili hatukuwa na pa kuanzia.

Matokeo

Mguu ulikatwa. Kidonda kilipona vizuri kuliko tulivyotarajia. Michango yote ilikuwa milioni 19.2, na kati ya hizo hospitali ilichukua milioni 8.1, mguu wa bandia milioni 2.2. Milioni 4.4 zilikwenda kwa wakopeshaji. Hao walijitokeza wodini wenyewe siku mbili baada ya picha kusambaa, mmoja akiwa na daftari. Hatukuwa tumewapangia kwa sababu hatukujua kwamba wapo.

Alihama nyumba ya geti akaenda kuishi vyumba viwili na binti yake. Kwa miezi mitatu hakutoka.

Kazi iliyomrudisha haikutokana na kamati. Tamthilia za Kituruki huingizwa sauti za Kiswahili, na kuna siku studio ilihitaji mama mkubwa wa ikulu, mwenye sauti ya kuamrisha. Mtu alimkumbuka. Alipelekwa, akakaa mbele ya kipaza sauti na magongo yake yameegemezwa ukutani, akasema mstari wa kwanza, na kijana wa mitambo akavua vifaa masikioni akamtazama. Hulipwa kwa kipindi. Si fedha nyingi, na kazi huja kwa misimu, lakini safari hii kuna mkataba, naye anao nakala mbili.

Na mpwa wake hawajazungumza mpaka leo.

Uchambuzi

Nianze na kosa letu la kusoma, kwa sababu mengine yote yanatoka humo. Tulipomwona anakodi bajaji huku hana kodi ya nyumba, tulisema ni majivuno. Nilipokaa na binti kuandika matumizi ya miaka mitano nyuma, aliniambia jambo ambalo sikulijua. Mwaka 2014 bajaji iliharibika, mama yake akapanda daladala siku moja tu. Prodyuza mmoja alimwona kituoni. Wiki iliyofuata alimpigia kumpa nafasi kwa nusu ya malipo aliyozoea, na aliposita, akaambiwa, "Mama, mbona tunajua umefulia?"

Baada ya hapo bajaji haikuwa anasa tena. Ilikuwa gharama ya kulinda bei, kama mwenye duka anavyolipa taa za dirishani. Kabati, geti, kadi za harusi, vyote vilikuwa mtaji wa kazi, na mtaji huo ulichakaa bila mtu kuuandikia hesabu, kwa sababu prodyuza aliuhamishia kwa mwigizaji kisha akamlipa kana kwamba haupo. Hata kukataa kaniki naona sasa kulikuwa na hesabu ndani yake. Kosa la hesabu hiyo ni moja: alilinda bei ya bidhaa ambayo soko lilikuwa limeshaacha kuinunua. Lakini nani angemwambia? Sisi tulikuwa pembeni tunacheka.

Tunapenda kusema msanii ni kioo cha jamii. Tunaosema hivyo hatujiulizi nani ananunua dawa ya kukifutia kioo hicho.

Picha ya wodini nayo niisome kwa mantiki hiyohiyo. Ilileta fedha kwa sababu ilivunja mtaji ule wote kwa mkupuo mmoja. Mchangiaji alikuwa anatoa elfu mbili kwa umbali uliopo kati ya kitenge cha zambarau na kile kichwa kitupu, na ndiyo maana picha ya kava haikufua dafu. Bila picha ile huenda tungemzika. Siwezi kulikwepa hilo. Lakini tungeweza kumwendea kabla ya siku ya saba, tukamwambia ukweli wa laki sita, tukamuuliza anakubali kuonekana vipi. Aliwahi kupangiwa sini za kufa kitandani mara tatu. Angejua kuliko sisi mwanga ukae wapi na kitambaa kifungwe vipi. Hatukumuuliza kwa sababu alikuwa ameshasema hapana mara moja, nasi tukamwachia mgeni mwenye simu atuamulie. Kura yangu ya kuiacha picha ilikuwa na mantiki ya fedha. Ilipaswa kupigwa baada ya kumsikiliza, sio kwenye ngazi.

Kilichofanya kazi bila shaka ni saini tatu na kulipa hospitali moja kwa moja. Dosari ilikuwa kwamba tulitangaza mapato kila jioni na matumizi tukayatangaza mwisho wa mwezi. Katikati hapo ndipo uvumi ulipoota mizizi, na ndipo wakopeshaji walipojua siku ya kuja. Bora kutangaza vyote kwa pamoja au kutotangaza chochote.

Na sanduku la bati. Mwaka 2018, mwaka aliofariki mchekeshaji King Majuto, suala la mikataba ya wasanii lilijadiliwa hadi wizarani, na tangu hapo kila semina ya wasanii ina saa nzima ya mikataba. Nimehudhuria kadhaa. Husemwa kana kwamba msanii hakusaini kwa ujinga. Mwaka 2006 aliyedai mkataba aliachwa, akachukuliwa mwingine. Mama Mkwe alipata ile karatasi moja kwa sababu siku hiyo alikuwa mwenye mtaji. Si sisi peke yetu. Huko Hollywood waigizaji waligoma mwaka 1960, chama chao kikiongozwa na Ronald Reagan, wakapata malipo filamu zao zinapoonyeshwa kwenye televisheni. Lakini hiyo ilikuwa kwa filamu za kuanzia mwaka huo. Kwa zile za nyuma studio zilitoa dola milioni 2.25 kwenye mfuko wa pensheni na afya, na staa wa miaka ya 1940 aliendelea kujitazama usiku kwenye televisheni bila senti. Tofauti yetu na wao ni kwamba wao waliokuja nyuma walilipwa. Filamu zinazopigwa leo Dar es Salaam kwa ajili ya YouTube, nyingi nimeona zikisainiwa kwenye karatasi ileile ya kupokea fedha.

Limebaki jambo dogo ambalo binti aliniomba nisiliache. Baada ya kodi ya vyumba viwili, dawa na vifaa vya kidonda, akaunti ilibakiwa na laki nane. Binti alitaka zifungue genge. Wengine tulitaka zilipie michango ya hifadhi ya jamii. Mama Mkwe, alipoulizwa, aliomba wigi jipya na vitenge viwili, kwa sababu alisikia studio inatafuta sauti na hakutaka kuingia pale kama mtu wa kwenye ile picha. Tulimkatalia kwa kura nne dhidi ya tatu, tukisema fedha za wagonjwa hazinunui urembo. Wigi alilinunua mwenyewe kwa malipo ya vipindi vya kwanza. Laki nane bado zimo kwenye akaunti, zinasubiri saini ya tatu, na saini hiyo ni yangu.